Saa Yangu Mkononi mwa Metodi

Jumanne, 6 Mei

Sikukuu ya Mtakatifu Georgi, na siku ya jina langu, kwani Gancho hutokana na Georgi. Mwanakondoo mzima mezani, kakaangika ngozi mpaka inavunjika. Mimi nikapewa mfupa na saladi.

Walikuwepo wote. Mke wangu Zdravka. Dada yake Stefka. Mume wa Stefka, Blagoy, ambaye ni mwanyumba wangu na mzigo wangu. Na mama mkwe, Mama Tota, kwenye kiti kizuri. Baada ya kula, Zdravka akaniletea kiboksi. Nilidhani ni kiberiti cha gesi. Moyo ukafurahi. Kumbe ni saa!

Si saa ya kusoma wakati. Ni saa ya kunisoma mimi.

Blagoy anayo kama hiyo tayari. Akapandisha mkono wa shati ili tuione, akaeleza kama yeye ndiye aliyeibuni. Inapima moyo, usingizi na pumzi. Inaonyesha ulipo kwenye ramani. Ina laini yake ndani, na habari zote zinakwenda moja kwa moja kwenye simu za familia. Nikauliza familia ipi. Zdravka, Stefka, Blagoy, na binti yetu Desislava aliyeko Vienna. Nikauliza kama meya naye kaunganishwa. Hakuna aliyecheka.

Zdravka akasema tangu daktari ataje mafuta kwenye damu yangu, hapati usingizi. Kwa hiyo mimi nivae saa, ili yeye alale.

Mama Tota alinitazama kwa huruma. Naye walimfunga mwaka jana: kidani cha plastiki chenye kitufe chekundu. Akianguka abonyeze, gari la wagonjwa lije na binti zake waje. Leo hakukivaa. Aliulizwa. Akajibu kimebaki nyumbani, kinapumzika.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi nimetengeneza lifti mbili mtaa wa Druzhba. Kamba imelika, wapangaji wamenuna. Mchana nikaenda mgahawani kwa Ginka, nyuma ya karakana yetu. Supu ya utumbo, kitunguu saumu, siki, pilipili. Mtu anayepanda na kushuka kwenye shimo la lifti kutwa anastahili walau hilo.

Kijiko cha kwanza. Simu! Zdravka, kutoka duka lake la dawa. Akauliza niko wapi. Nikasema nimening'inia ndani ya lifti, siwezi kuongea.

"Lifti hiyo ina pilipili mezani?" akauliza.

Moyo ukaniruka. Akasema anauona unavyoruka.

Nikaiacha supu. Ginka aliifunika kwa sahani, kama maiti.

Jioni Blagoy akaandika kwenye kundi la familia: "Mwanyumba, utumbo uliiva?" Stefka akaweka kikatuni cha uso unaolia. Desislava akatuma picha ya mishipa ya damu iliyoziba. Nina miaka hamsini na minane. Zamani mtu akinidanganya au nikimdanganya, mambo yaliishia baina yetu wawili.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetumia akili. Nikaivingirisha saa kwa karatasi ya fedha, ile ya kuokea viazi. Saa haioni, haisikii, haisemi. Nikala kwa Ginka kwa amani, nikaongeza na bakuli la pili.

Sikujua kwamba saa ikinyamaza, kwenye simu ya Zdravka inaonekana moyo umesimama.

Aliacha foleni ya wagonjwa dukani. Akapanda teksi na koti lake jeupe. Alinikuta mlangoni mwa karakana nina mkate mkononi na saa imevikwa kama kiazi. Nikasema naikinga na joto. Hakunigombeza. Alikaa juu ya kreti ya bia, akavua viatu, akaviweka kando, akavitazama.

Ningependa angenigombeza.

Desislava alipiga simu kutoka Vienna. Akasema nikimtisha mama yake hivyo tena, atapanda treni aje anivalishe ya mguuni.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepata! Saa haitaki kunijua mimi. Inataka mkono wenye joto na moyo unaopiga. Mkono wowote.

Metodi, jirani wa ghorofa ya juu. Mjane, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, kofia kichwani hata akienda kutupa takataka. Anakula dengu. Anakunywa maji. Kila asubuhi anatembea kando ya Danubi, taratibu, kama mtu anayekagua mto. Mwili kama huo ndio Zdravka anaoutamani uwe wangu.

Nikapanda kwake. Mlango wake wa roshani haufungi tangu majira ya baridi. Nikasema nitautengeneza, yeye anivalie saa mchana, kuanzia Zdravka anapotoka mpaka karibu na kurudi kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama saa inaonyesha mtu alipo. Nikasema hapana.

Sijui kwa nini nilisema hapana. Ulimi ulinitangulia. Nilichoka, na mlango wenyewe ulikuwa mzito.

Jumatatu, 12 Mei

Ushindi! Kutwa nzima nimekuwa mtu mwema. Nimetembea kando ya mto nikiwa kwa Ginka. Moyo wangu umetulia kama maji ya beseni.

Zdravka akauliza nilikuwa natafuta nini ufukweni muda wote ule. Nikasema lifti za upande wa mto zimeharibika zote kwa pamoja. Akasema maskini. Akanikatia kipande cha jibini bila kukipima.

Kwenye kundi akaweka picha ya mapigo yangu. Blagoy alikuwa anaongoza familia kwa utulivu wa moyo. Sasa yuko nyuma yangu! Akaandika kwamba labda saa yangu ina hitilafu. Nikamjibu kwamba wivu ni mbaya kwa mishipa. Stefka akacheka humo kundini, akimcheka mume wake mwenyewe. Siku nzuri. Sikumbuki nyingine kama hii.

Jumanne, 13 Mei

Zdravka alirudi macho mekundu. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Akanikumbatia!

Akasema ameona kwenye ramani. Mchana wote nilikuwa nyumbani kwa mama yake. Akasema hakutegemea. Miaka yote hii mimi na Mama Tota tunavumiliana tu, na sasa nakwenda kumwangalia kimyakimya, bila kujitangaza. Alimpigia Stefka, akalia kwenye simu. Stefka naye akalia. Wakamwambia Blagoy ajifunze kwangu.

Mimi nilisimama pale kama nguo iliyoanikwa. Nyumbani kwa Mama Tota? Nilikuwa kwa Ginka. Basi Metodi ndiye...

Simu yangu ikalia. Mama mkwe. Nikaenda kupokelea roshani.

"Mkwe wangu," akasema, "binti yangu amenishukuru kwa kukupokea vizuri leo. Nimemwambia umenikung'utia zulia. Sasa njoo unieleze, maana sebuleni kwangu sikukuona."

Nikaenda, kwa kisingizio cha mkate. Mama Tota alikuwa amevaa hereni. Nilimweleza yote: saa, supu, mlango wa roshani. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka. Akasema Metodi huja kwake tangu msimu wa theluji. Wanacheza dadu, wanasikiliza redio, na mengine hayanihusu. Mtaa haujui. Binti zake hawajui. Stefka atalia, Zdravka atauliza maswali ya afya, Blagoy atatafuta namna ya kumwekea mzee kipimo.

"Nimelea watoto, nimezika mume," akasema. "Nina kitu kimoja tu ambacho hakiko kwenye simu ya mtu. Na wewe umekiweka kwenye ramani."

Nikasema samahani. Akanipa sharti: ninyamaze, naye atanyamaza. Kidani chake nilikiona ndani ya kopo la unga. Aliniambia akikivaa anajisikia kama ng'ombe aliyefungwa kengele.

Kumwambia Metodi kwamba saa inaonyesha alipo? Nilikusudia. Lakini nilipofika kwake alikuwa anapiga kofia yake brashi kwa furaha, nikaona nisimharibie.

Jumatano, 14 Mei

Matatizo mapya. Zdravka akauliza kwa nini moyo wangu unakwenda mbio nikiwa kwa mama yake. Nikasema mama yake ana mazulia mengi. Akasema leo ulikwenda mbio, kisha ukapunguza, kisha ukaruka, kisha ukakaa kidogo bila kupiga. Saa imeweka alama nyekundu na kusema mapigo hayana mpangilio.

Mimi nikacheka moyoni. Mzee wa watu anapenda! Nami ujana wangu nilikuwa hivyohivyo nikimwona Zdravka kituo cha basi. Nikamwambia Metodi kwa utani kwamba moyo wake unacheza ngoma. Hakucheka. Akasema wiki hii ngazi zimekuwa ndefu, lakini hewa ya mwezi wa tano ndivyo ilivyo. Nikasema ndivyo.

Zdravka amenipangia daktari kesho. Sikuweza kukataa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akauandika upya.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika siku hii huku vidole vimechoka.

Daktari anaitwa Hadzhieva, mwanamke mfupi asiyependa porojo. Akanilaza, akaninatishia waya kifuani, akatazama karatasi ikitoka. Akasema mafuta ninayo, tumbo ninalo, lakini moyo unapiga kama cherehani mpya. Zdravka akafumba macho kwa shukrani. Kisha daktari akachukua simu ya Zdravka na kutazama rekodi za saa. Akazirudia. Akauliza nani mwingine anavaa saa hii.

Nikasema hakuna.

Akanitazama, si kwa hasira. Akasema huu si moyo wangu. Mwenye moyo huu, mapigo yake yanakosa, na kuna wakati yanasimama. Mtu huyo anafaa aonekane leo, si wiki ijayo. Akauliza tena. Zdravka alikuwa ananitazama pia.

Ningesema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nikaona supu, Ginka, zulia, machozi ya Stefka, vyote vinamwagika mbele ya daktari. Nikasema labda mtoto wa karakana aliichezea. Nikaomba kwenda msalani. Nikatoka kwa mlango wa nyuma wa hospitali, nikakimbia.

Nilijua Metodi atakuwa wapi. Nilifika kwa Mama Tota ulimi nje. Metodi alikuwa jikoni, kofia imening'inia mlangoni, dadu mezani. Nikasema kwa mzunguko: ingekuwa vizuri mtu wa umri wake apimwe, basi tu, hata leo, hata sasa. Akauliza kwa nini. Nikasema saa imesema. Akauliza saa inasema nini zaidi. Hapo ikabidi niseme yote, mpaka ramani.

Uso ulimshuka.

"Kwa hiyo wamekuwa wakiniona nikija hapa?" akasema.

Nikasema wamekuwa wakiniona mimi. Haikumfariji. Akasema haendi hospitali. Huko wataandika jina la mtu wa karibu, nani aitwe, na yeye hatamtaja mwanamke ambaye hajaomba kutajwa. Akasimama achukue kofia. Hakuifikia. Akashika kiti, akakaa upande, akawa mweupe kama ukuta. Jasho likamtoka. Mkono wake ulianguka kwenye dadu, zikaviringika chini.

Mimi niliganda. Nasema kweli, niliganda. Nilianza kufikiria maelezo.

Mama Tota hakufikiria kitu. Alizamisha mkono kwenye kopo la unga, akatoa kidani, akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Sauti ya kike ikatoka kwenye plastiki ikimwuliza kama ameanguka.

"Sijaanguka mimi," akasema. "Ni mtu wangu. Moyo. Njooni haraka!"

Kisha akapiga magoti, akamlegezea tai, akamshika uso kwa mikono yenye unga.

Walikuja wote, kwa sababu kitufe kinawaita wote. Gari la wagonjwa. Zdravka kutoka hospitali, pochi yangu mkononi. Stefka. Blagoy, saa yake ikilia kwa sababu alipanda ngazi. Walisimama mlangoni wakamwona mama yao sakafuni, hereni masikioni, amemkumbatia mwalimu wa jiografia. Hakuna aliyeuliza. Wahudumu walipomwuliza yeye ni nani wa mgonjwa, akajibu bila kugeuka: "Mimi ni wake."

Walipokwisha kumshusha, Zdravka akanitazama. Nikafungua mdomo. Akasema nisijisumbue.

Jumamosi, 17 Mei

Metodi yu hai. Wamemwekea kifaa chini ya ngozi, karibu na bega, kinachousukuma moyo unaposinzia. Nacho pia kinatuma habari. Lakini kwa daktari tu. Metodi aliuliza hilo mara kadhaa. Hakutaka kuniona, kisha akakubali. Niliukarabati mlango wa roshani yake jana, bila kukumbushwa. Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirishani.

Mama Tota anakaa pembeni ya kitanda siku nzima, amevaa vizuri. Stefka alilia kama ilivyotabiriwa. Mama yake akamwambia aende akalilie korido, mgonjwa anapumzika. Blagoy alitaka kujua kifaa cha Metodi ni toleo gani. Akatolewa pamoja na Stefka.

Daktari Hadzhieva alinikuta kwenye ngazi. Akasema tungechelewa kidogo tu, ningekwenda mazishini. Kisha akaongeza kwamba bila ule ujinga wangu hakuna ambaye angejua moyo wa mzee unaumwa. Nikaanza kunyoosha mgongo. Akasema hiyo haikuwa sifa.

Zdravka hakutaja utumbo. Hakutaja hata hospitali nilikomwacha na koti langu. Jikoni, akimenya viazi, akasema jambo moja.

"Nilimlilia Stefka kwa wema wako, Gancho."

Basi. Akaendelea kumenya. Nilitamani kidani chenye kitufe, waje wanichukue.

Baadaye alinyoosha mkono. Nikavua saa, nikampa. Alijitoa yeye kwenye habari zake, akawatoa Stefka, Blagoy na Desislava. Imebaki simu yangu tu, kwa vile ndiyo iliyoiwasha. Akasema amechoka kunitazama kama samaki kwenye tangi. Hakupata usingizi hata akiwa nayo, alilala akiangalia moyo wangu badala ya kulala. Kuanzia leo atauliza kwa mdomo, nami nitajibu kwa mdomo, na ataniamini. Kila mtu na siri zake ndogo, na kila mtu na heshima yake.

Nikaapa. Nililia kidogo. Nilimaanisha kila neno. Nimeuona kwa macho yangu ubaya wa kumchungulia mtu. Sitausahau.

Alhamisi, 22 Mei

Siku tano za amani. Zdravka anauliza, najibu. Saa imelala kwenye droo, chaji imejaa.

Leo Zdravka amesema atakuwa anakwenda kwaya. Kwaya! Eti wanajiandaa kwa sikukuu ya herufi, siku ya kuenzi alfabeti yetu, Jumamosi. Wanaimba ukumbi wa maktaba. Nikauliza tangu lini anaimba. Akasema tangu alipochoka kukaa nyumbani akiangalia simu. Akapaka rangi ya midomo. Akaimba kidogo mbele ya kioo. Sauti nzuri, sikuwa najua.

Nikamtakia jioni njema. Namwamini kabisa.

Ila mji siku hizi. Magari yanakwenda ovyo. Taa za barabarani mtaa wetu hazitabiriki. Mwanamke peke yake, na mkoba. Mtu mwenye mapenzi lazima afikirie. Kwa hiyo alipokuwa anafunga viatu, nikaitoa saa kwenye droo, nikaitumbukiza ndani kabisa ya mkoba wake, kati ya leso na miwani. Si kumchunguza. Mimi na mambo hayo tumeachana. Ni kwa usalama wake.

Sasa nimekaa jikoni na simu. Nukta ya bluu inatembea. Imepita soko. Imepita kanisa. Imefika njia panda.

Maktaba iko kulia. Nukta imepinda kushoto.

Nimevaa viatu.